Kwa Tifaole Hapapandwi Mti

Aliyenisimulia kwanza habari hii ni mama mkubwa wangu, Ligimaka, mwaka 1991, jikoni kwake, tulipokuwa tukikuna nazi za Jumapili. Nilikuwa nimemuuliza jambo moja tu: kwa nini hakwenda Auckland kumzika mwanawe wa pekee. Alikuna nazi mbili nzima kabla ya kujibu. Alipojibu hakupandisha sauti hata mara moja. Mimi, tangu siku ile, sijaweza kuisimulia bila kupandisha yangu.

Niliyoyasikia kwake nimeyalinganisha na ya mama yangu, ambaye ni mdogo wake, na ya Pasene, dereva wa tingatinga, kabla hajafa. Wanatofautiana kama kulikuwa na mvua au la. Mengine yote wanakubaliana.

Mjomba Hekesi, kitinda mimba wao, alirudi Niue, kisiwa chetu, kwa ndege kutoka Auckland mwezi wa Julai 1977. Alikuja na mkewe Sifalia na binti yao Lolini, mtoto wa miaka kumi, mchangamfu, anayesema lugha yetu kwa lafudhi ya Auckland. Walifikia kwa Ligimaka, kwenye nyumba ya saruji iliyo kando ya barabara. Siku ya pili yake walikaa barazani wakinywa chai na biskuti ngumu. Ng'ambo ya barabara kuku walikuwa wakichakura. Ilikuwa siku kama siku yoyote.

Hekesi alikuja na nia moja: binti yake atogwe masikio kijijini, kwa karamu ambayo watu wataizungumza. Msichana wa kwetu akitogwa masikio, majimbi na nguruwe hupangwa uwanjani mpaka mpita njia azunguke. Na majimbi hayo hayanunuliwi. Ni lazima yatoke kwenye ardhi ya ukoo, kwa mkono wa baba. Alikuwa na mwaka mmoja wa kuyalima, na mashamba yetu ya karibu yalikuwa yamechoka.

"Kwa Tifaole ndiko kuna udongo," alisema.

"Udongo upo," Ligimaka akajibu. "Na Tifaole yupo."

"Dada, miaka sabini sasa. Hata wewe ungekuwa umechoka."

"Mimi nimechoka tayari. Nakusikiliza wewe tangu asubuhi."

Barazani wote wakacheka. Ndivyo ilivyoanza, kwa kicheko.

Nieleze Tifaole alikuwa nani, maana hapa ndipo wengi wa ukoo wetu hupunguza maneno. Alikuwa dada wa babu mzaa babu yangu. Alikwenda kufanya kazi visiwa vya mbali, akarudi na vidonda visivyopona. Watu waliogopa. Wakamjengea kibanda kwenye ardhi yake mwenyewe, nje kidogo ya kijiji, na ndugu zake wakawa wanampelekea chakula kila siku. Walikiacha juu ya jiwe, wakarudi nyuma, naye akatoka kukichukua. Siku moja ikanyesha mvua, hakikwenda. Siku nyingine kulikuwa na harusi, hakikwenda. Baadaye hakikwenda kabisa. Kila ndugu alisema alidhani mwenzake amepeleka. Sijawahi kuamini maneno hayo. Kibanda kilikuwa karibu kiasi kwamba waliokuwa harusini walimsikia akiita, na ardhi ile ilikuwa nzuri.

Walimzika palepale. Wakaweka mawe mazito juu ya kaburi, kama tunavyofanya ili aliyelala abaki amelala. Asubuhi mawe yalikutwa pembeni, yamepangwa vizuri. Wakaongeza makubwa zaidi. Yakapangwa pembeni. Kuanzia hapo chakula kilianza kutoiva kijijini. Watoto wawili wa ukoo wakakonda mpaka wakafa, huku vyungu vimejaa.

Kilichowaokoa hawakukifanya wao. Walikimbia tu, wakaiacha ardhi ile bila kulima. Njiwa na popo wakubwa wakapita juu yake wakidondosha mbegu. Miti ikaota yenyewe. Kila mwaka ilipozidi kushika, mambo yalizidi kutulia, mpaka msitu ukafunga na kaburi halikuonekana tena. Ndipo wazee wakaelewa. Mti uliopandwa na sisi hauwezi kumshika, kwa sababu umetoka kwenye mikono iliyomnyima. Unaomshika ni ule ulioota wenyewe. Tangu hapo tumefundishwa jambo hilo kila mmoja wetu, Hekesi akiwemo: kwa Tifaole hapakatwi mti, na hapapandwi mti.

Alilijua. Naandika hivyo kwa makusudi. Alilijua.

Tingatinga lilifanya kazi siku mbili. Siku ya pili Pasene alizima mashine, akashuka, akamwita Hekesi aje aone. Ligimaka, aliyekuwa amekuja kuwakataza kwa mara ya mwisho, akaona pia. Miti mikubwa ya katikati ilikuwa imeanguka kwa pamoja, na mizizi yake imeinuka juu. Haikuwa imetawanyika kama mizizi ya miti mingine. Ilikuwa imepitana na kushikana, kama vidole vya mikono miwili, ikafanya kitu mfano wa kikapu kikubwa. Katikati ya kikapu kulikuwa na nafasi, kiasi cha mtu aliyelala amejikunja.

"Mifupa iko wapi?" Pasene aliuliza kwa sauti ya chini.

"Imeoza zamani," Hekesi akasema. "Washa mashine."

"Bosi, mimi nina watoto."

"Basi washa, uwalishe."

Ligimaka alisogea, akaingiza mkono kwenye ile nafasi. Udongo wa pande zote ulikuwa baridi. Pale katikati palikuwa na joto.

Majimbi ya kwa Tifaole yalistawi kuliko majimbi yoyote niliyopata kusimuliwa. Majani yake yalimpita mtu kimo. Watu walikuja kutoka vijiji vingine kuyaangalia, na Hekesi alisimama katikati yake akipigwa picha. Ligimaka alipopita barabarani alimwita: "Dada, njoo umsalimie bibi. Mwambie tunashukuru kwa mbolea." Waliokuwepo walicheka tena, ila safari hii si wote.

Karamu ilikuwa Julai ya mwaka 1978, Jumamosi, mchana. Lolini alikaa kwenye mkeka mpya amevaa gauni jeupe. Alitogwa masikio na bibi wa upande wa mama yake, hakulia, watu wakamsifu. Wanaume walikuwa wamefukia chakula tangu alfajiri kwenye shimo la mawe ya moto: nguruwe, samaki, majimbi na mapapai kwa tui yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Mchungaji akaomba. Wakafukua.

Mvuke haukutoka.

Wakaondoa majani. Nguruwe alikuwa mbichi. Damu yake haikuwa hata imeganda. Mwanamume mmoja akashika jiwe la shimoni kwa mkono mtupu, akabaki amelishika, anawatazama wenzake. Lilikuwa baridi kama limetoka kisimani. Mafungu ya majani ya mgomba yalikuwa yamefungwa vilevile yalivyofungwa. Wakayafungua moja moja. Yote yalikuwa matupu.

"Kuni zilikuwa mbichi," Hekesi alisema, na akarudia kwa kila mgeni aliyekuwa akiondoka. "Kuni zilikuwa mbichi."

Jioni ile Ligimaka aliwapikia wageni wa nyumbani wali kwenye jiko la gesi. Wote walikula. Lolini alipeleka kijiko mdomoni, akakirudisha.

Siku ya kwanza walidhani ni masikio yanamuuma. Siku ya tatu wakampeleka hospitali ya mjini, Alofi. Daktari hakuona kitu. Mtoto aliwekewa maji ya dripu, akapata nguvu kidogo, wakarudi naye. Alikuwa na njaa, hilo ndilo lililomtesa mama yake. Alilia njaa. Aliomba chakula, akapewa, akafungua mdomo, akafunga. Sifalia alimbembeleza, kisha akamgombeza, kisha akapiga magoti mbele yake na bakuli mkononi.

Mtoto alikuja kusema na Ligimaka, si na mama yake. Alimfuata jikoni, akishika ukuta.

"Shangazi, kuna mtu anakula kabla yangu."

"Mtu gani, mwanangu?"

"Sijui. Nikifungua mdomo, anatangulia. Kikifika kwangu ni udongo." Akauegemea ukuta. "Hana hasira na mimi. Ana njaa tu. Hasira anayo kwa baba."

Ligimaka akatoka moja kwa moja kwenda kumtafuta Hekesi. Alimkuta kwa Tifaole. Majimbi yote alikuwa ameyang'oa. Alikuwa anachimba mashimo kwa mistari iliyonyooka, na kando yake kulikuwa na miche ya mahogani kwenye mifuko myeusi, mamia.

Hili ndilo kosa lake la pili, na kwangu ni baya kuliko la kwanza. La kwanza alilitenda akicheka. La pili alilitenda akiwa amekwisha kuogopa, amekwisha kuamini, na bado alitaka kutengeneza bila kuinama.

"Nimerudisha msitu," alisema. "Umeridhika?"

"Huo si msitu. Hizo ni fimbo umechomeka."

"Serikali inaita msitu. Wakichora ramani, hapa wataandika msitu."

"Tifaole hasomi ramani, Hekesi."

"Wewe ulitaka nifanye nini? Miti ya kuota yenyewe inachukua miaka mingapi? Thelathini? Mwanangu anayo thelathini?"

"Ungejiuliza hayo kabla ya kuwasha mashine."

"Usinifundishe. Mimi ndiye mwanamume wa ukoo huu."

"Walikuwa wanaume pia," Ligimaka akamwambia, "wale waliosahau kupeleka chakula."

Hekesi aliendelea kuchimba.

Asubuhi iliyofuata miche ilikuwa imesimama, isipokuwa kwenye mistari ya katikati. Pale ilikuwa imelala, mingine kulia, mingine kushoto, kama nyasi mtu akipita. Njia hiyo ilianzia kwenye kaburi. Hekesi aliisimamisha yote kwa mikono yake. Siku ya pili ililala tena, na njia ilikuwa ndefu zaidi. Siku ya tatu ilifika barabarani. Ng'ambo ya barabara ndipo ilipo nyumba.

Lolini siku hiyo hakuweza kusimama. Mifupa ya mgongo wake ilihesabika juu ya nguo. Sifalia alikuwa amefunga mizigo. Alitaka ndege, alitaka hospitali kubwa, alitaka kuondoka. Ndege ilikuwa bado siku kadhaa. Mtoto alikuwa hana siku kadhaa.

Ligimaka hakumwambia mtu. Alichukua jimbi la shambani kwake, papai la mti wake, nazi yake. Alipika vizuri, kama unavyompikia mgonjwa, akafunga kwenye jani la mgomba. Ilikuwa adhuhuri, jua kali. Alipofika kwa Tifaole aliweka chakula chini kwanza. Kisha akang'oa miche ile, mmoja baada ya mwingine, akaitupa nje ya mpaka. Ilimchukua muda. Mikono ilimtoka damu. Ardhi ikabaki tupu, nyekundu, bila kitu chetu ndani yake.

Akaweka chakula juu ya jiwe. Akageuka, akakaa akiwa ameligeuzia kaburi mgongo.

"Kimechelewa," alisema. "Najua kimechelewa. Sina la kujitetea."

Hata nzi hawakulia.

Halafu jani likafunguliwa. Aliisikia sauti yake, ile ya jani la mgomba lililopikwa, likikunjuliwa taratibu. Iko nyuma yake. Iko karibu. Mtu alianza kula. Alikula kwa haraka, bila kutafuna, kama anayeogopa kunyang'anywa. Alipaliwa. Akaendelea kula. Ligimaka hakugeuka. Aliniambia alichokisikia moyoni hakikuwa hofu. Ilikuwa hasira. Alikuwa akiwahesabu moyoni wote waliomsikia Tifaole akiita na wakaendelea kucheza harusini.

Kula kukakoma.

Pumzi ikaja sikioni kwake, ina harufu ya tui. Ikanong'ona neno moja.

"Kesho?"

Ligimaka aliniambia kwamba wakati ule alimwona mwanawe, Auckland, mbele ya macho yake, waziwazi kama picha. Kijana alikuwa amekwisha kumtumia mama yake tiketi ya kumfuata huko. Nguo za Ligimaka zilikuwa zimekunjwa sandukuni. Alijua anaulizwa nini.

"Kesho," akajibu.

Alipofika nyumbani, Lolini alikuwa ameketi kitandani na bakuli la wali mapajani, anakula kwa mkono, na Sifalia amefunika uso kwa kanga analia. Alikuwa ameanza kula, walisema, adhuhuri.

Hekesi aliondoka na familia yake wiki ile. Kwenye uwanja wa ndege alimshika dada yake bega, akamwambia, "Unaona? Ilikuwa tumbo tu." Mama yangu alikuwepo. Aliyasikia kwa masikio yake.

Ligimaka akabaki. Kila siku alipika, akavuka barabara. Kwenye mvua, kwenye homa, siku ya Krismasi. Mwaka 1986 mwanawe alikufa kwa ajali Auckland. Ndege ilikuwepo, nauli ilikuwepo, kanisa zima lilikuwa tayari kumsindikiza. Alikaa barazani siku ile akiwa amevaa nyeusi. Adhuhuri ilipofika akasimama, akachukua chakula, akavuka barabara. Kimbunga cha mwaka 1990 kilipong'oa paa, alipikia nje chini ya bati lililoanguka. Kuna waliomwita mchawi. Kuna waliokataa kuketi karibu naye kanisani. Miongoni mwao walikuwamo watu wa ukoo wetu, wanaojua. Walikuwa wanakula kwa amani kila siku kwa sababu yake, kisha wanasogeza viti.

Nilipomaliza kumsikiliza siku ile ya nazi nilimwambia, "Mama mkubwa, mwache Hekesi aje abebe mzigo wake."

"Hatakuja," alisema. "Na akija hatapika vizuri. Lete tui."

Miti ilikuwa ikirudi. Hakuna aliyeigusa. Kwanza magugu, kisha miti myepesi, kisha ile ya kweli, inayokua polepole na kushika mawe. Nilianza kumsindikiza magoti yake yalipochoka, nikimsubiri barabarani. Mwaka 2008 hakuweza tena kutembea, akanituma mimi. Niliweka chakula juu ya jiwe, nikageuka, nikakaa. Juu yangu majani yalikuwa yamefunga kabisa, hata jua halikupenya. Nilisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipogeuka, fungu lilikuwa vilevile. Sisimizi tu.

Nilimrudishia, nikamweleza. Alilishika fungu lile mikononi kwa muda mrefu.

"Basi imemshika," akasema.

Kisha akalifungua, akala mwenyewe. Alikufa mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti. Tulimzika mbele ya nyumba, kando ya barabara, chini ya saruji nzito, na hakuna kilichosogea.

Miaka michache iliyopita walikuja vijana wa serikali na picha zilizopigwa kutoka angani. Walikuwa wakipima ni kiasi gani cha kisiwa kimerudi kuwa msitu tangu watu waanze kuhama, na walitenganisha uliopandwa na ulioota wenyewe. Nikawapeleka kwa Tifaole mpaka kwenye ukingo. Kijana mmoja akafurahi. Alisema ni mfano mzuri sana, msitu umerudi bila mtu kuhangaika. Bila mtu kuhangaika. Nilimwomba aendelee na kazi yake, nikaingia ndani peke yangu ili asinione usoni.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na bado matone yalikuwa yakidondoka kutoka juu. Ardhi yote ilikuwa imelowa, isipokuwa mahali pawili karibu na jiwe. Hapo majani makavu yalikuwa yamegandamizwa, pote pawili kiasi cha mtu mzima aliyekaa. Mahali hapo pawili palitazamana. Matone yalikuwa yakianguka juu yake kama kwingine kote, niliyaona yakianguka, na majani yalibaki makavu. Nikainama, nikagusa pale pa kwanza. Palikuwa na joto. Sikugusa pa pili.

Pasene alikufa mwaka 1997. Sifalia alikufa Auckland mwaka 2015. Mama yangu yu hai, ingawa hasikii vizuri, na haya ameyakubali nilipomsomea kwa sauti kubwa. Lolini yu hai, ana wajukuu, na kila mwaka huniandikia akiuliza kama kuna kitu anachoweza kufanya. Hekesi yu hai pia. Anakaa kwenye nyumba ya wazee huko Auckland, amekaribia miaka tisini. Hajawahi kuliulizia kaburi la dada yake. Wanaomtunza wanasema hana tatizo lolote, analala vizuri, na chakula hakimshindi.